Kwa Baba Asiyepiga Makofi

Kasulu, mlimani
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hapo namsikia Mama, maana najua ndiye anayekusomea, anasema, "Itikia basi, mtoto anakuamkia," nawe unatikisa kichwa tu kama kawaida yako. Itikia kwa mdomo, Baba. Safari hii nina sababu ya kukusumbua juu ya kuitikia salamu, na sababu yenyewe ni ndefu. Ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Simu wewe huiwezi. Ukisikia jambo zito unasema "haya, haya, ongea na mama yako," na mimi naishia kuulizia kuku.

Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi ulichotoka nacho kwenye mashamba ya mkonge, kimepungua au bado unakificha kwa kugeukia ukutani? Elia ameshaezeka upya lile banda, au bado "kesho"? Mwambie dada yake anauliza, na anauliza kwa sauti kubwa.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Ila hukutuambia kwamba kwenu kuna baridi. Miaka yote tunakua Korogwe unatuambia "huko kuna milima" na unaishia hapo, kama mtu anayetaja duka lililofungwa. Asubuhi ukungu unakaa bondeni hadi saa tatu, na mimi nafundisha ushonaji nimevaa sweta mbili. Chakula hakina shida. Ugali wa muhogo nimeuzoea, maharage ya huku hayana mpinzani, na siku migebuka ikiletwa kutoka ziwani nakula mpaka naona haya. Mama asihangaike, nguo zangu zote nimezipanua kiunoni kwa cherehani yangu mwenyewe.

Chuo chetu, kama nilivyokwambia kwenye simu, kiko katika majengo ya zamani ya mawe juu ya kilima. Barua ya kupangiwa kazi ilisema chuo cha ufundi, na mimi sikujua zaidi. Unakumbuka nilipokutajia jina la kilima ulinyamaza, nikaanza kusema "haloo, haloo," nikidhani mtandao umekatika? Sasa najua haukukatika.

Acha nianze na aibu yangu, ili ucheke kidogo kabla sijakufikisha kwenye lile linalokuhusu.

Asubuhi yangu ya kwanza walinisimamisha mbele ya gwaride, pembeni ya mkuu wa chuo. Wanafunzi wakakunja magoti kidogo, wakainamisha macho, wakaanza kupiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kama vinateka maji: kwa, kwa, kwa. Mimi mtoto wa Korogwe nikajua napokelewa. Nikatabasamu. Nikapunga mkono. Makofi hayakuisha, nikadhani wamenipenda mno, nikapunga mikono yote miwili na kusema, "Asanteni, asanteni sana, wapendwa!" Kwa, kwa, kwa. Mkuu wa chuo akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, wanakuamkia. Hawaachi mpaka uitikie."

"Naitikiaje?"

"Kwa makofi, Mwalimu."

Nikapiga mawili. Uwanja mzima ukanyamaza papo hapo, kisha ukaangua kicheko. Tangu siku hiyo wananiita Mheshimiwa.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa mlinzi wa geti, Mzee Stanislasi. Ni mtu mwembamba, koti lake ni refu kuliko yeye, na funguo za chuo kizima anazivaa shingoni kwa kamba. Alizaliwa Burundi, akavushwa mpakani akiwa mtoto wakati watu wanakimbia, na siku hizi ni raia, ana shamba, ana wajukuu, na kanisani ni mzee wa kanisa. Mchana huo aliniita nikae naye kwenye benchi la getini aniulize mtu kama mimi ametokea wapi.

"Tanga," nikamwambia. "Lakini baba yangu ni Muha wa Kibondo, pale Murungu."

"Eee! Baba yako nani?"

"Bitaliho."

Akasimama. Alizishika zile funguo kifuani kwa mkono wote, kama zinataka kumkimbia, halafu akaketi tena.

"Yu hai?"

"Yu hai. Ana goti bovu na ubishi mwingi."

"Imana ishimwe," akasema, yaani Mungu asifiwe. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kwa mgeni. "Na makofi, bado anapiga?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijapata kukuona ukipiga makofi hata siku moja katika maisha yangu.

Baba, waraka ni nusu ya kuonana, kwa hiyo niruhusu niseme nusu niliyoshindwa kuisema tukionana. Siku ya mahafali yangu nilipoitwa jina, ukumbi mzima ulipiga makofi. Mama alipiga vigelegele mpaka kilemba kikamvuka. Mimi nilikuwa nakutafuta wewe. Nikakuona umeketi, mikono umeikunja na kuibana kwapani, uso umeinama. Kanisani ni hivyo hivyo, pambio likianza wewe mikono nyuma. Harusi ya Elia hivyo hivyo. Lakini ile ya mahafali iliniuma, na niliibeba miaka sita. Nilijua unaona aibu kwamba nimesomea ushonaji wakati wewe ulitaka niwe nesi. Nilikosea, na ninakuomba radhi.

Mzee Stanislasi alinisimulia kwa siku tatu, kila jioni kabla hajafunga geti. Najua hadithi ni yako. Kumsimulia mtu maisha yake mwenyewe ni sawa na kumfundisha Mama kupika mchicha wa nazi. Lakini nivumilie, kwa sababu mwisho wake wewe huujui. Uliondolewa kabla haujafika.

Alinieleza jinsi mlivyoletwa hapa, ilipokuwa shule ya maadilisho ya wavulana. Yeye aliokotwa sokoni hana mtu wala karatasi. Wewe uliletwa kwa ajili ya asali: ulikwenda kurina kwenye msitu wa hifadhi, mwenge ukaanguka kwenye majani makavu, na kilima kizima cha kwenu kikaungua. Una miaka kumi na mitatu. Akanieleza habari za mkubwa wa shule mliyemwita Bwana Filimbi, kwa vile mliamka kwa filimbi, mlikula kwa filimbi, hata chooni ni kwa filimbi. Fimbo sita juu ya benchi kwa kosa dogo. Mawe mnayapandisha kutoka mtoni hadi uwanjani, na kesho yake mawe yale yale mnayarudisha mtoni. Na lile ghala lisilo na dirisha, ambamo mtoto alifungiwa mpaka asahau ni siku gani. Siku hizi, Baba, humo tunaweka majora ya vitambaa. Niliposikia, nilishindwa kuingia siku mbili.

Lakini Mzee anasema kilichowamaliza si fimbo wala mawe. Hamkuwa na salamu. Bwana Filimbi alipita mbele yenu kila asubuhi kama anapita kwenye magogo, na aliyethubutu kumwamkia alichapwa. "Mkosaji hana salamu," ndivyo alivyosema. Watoto waliolelewa kwamba hata mtu mliyegombana naye mkikutana njiani mnaulizana kwanza za nyumbani!

"Miezi mitatu, mwana wanje," Mzee aliniambia, yaani mwanangu, "hakuna mtu aliyeniuliza nimeamkaje. Nilianza kufikiri mimi nimekufa, ila sijaambiwa. Sasa siku moja tuko kwenye mstari, mawe kichwani. Huyo aliye mbele yangu, hata hajageuka, anasema polepole, 'Mwakeye.' Umeamkaje. Hee! Nilicheka mpaka nikalia. Nikapigwa nne kwa kucheka. Lakini nilikuwa hai."

Huyo aliye mbele ni wewe.

Akanieleza pia shauri lililofanyika mtoni. Wakubwa walitaka kuchoma ghala. Wengine walitaka kutoroka wote kwa pamoja kuelekea porini. Wewe ukasema, na Mzee aliigiza hata sauti yako, yaani nilikusikia kabisa: "Moto mimi naujua, ndio ulionileta hapa. Hatuchomi. Hatukimbii. Tutamwamkia mpaka aitikie. Kwetu salamu haiachwi njiani."

Kesho yake asubuhi mkakunja magoti uwanjani, wavulana sitini na kitu. Wasio Waha mlikuwa mmeshawafundisha namna ya kukunja viganja. Mkaanza. Filimbi ikalia, hamkuacha. Askari wakaja na fimbo, wakawapitia migongoni mstari kwa mstari, hamkuacha. Uji ukapitishwa mbele yenu, ukamwagwa, hamkuacha. Jua likapanda. Anayetaka kuanguka aliegemezwa na mabega ya wenzake. Mzee anasema kufikia jua la utosi, makofi yalikuwa hayalii tena vizuri kwa sababu viganja vilikuwa vimechanika, na yeye aliyekuwa kushoto kwako aliona damu ikishuka hadi kwenye kiwiko chako.

Nilikuwa nikitazama ule uwanja, wasichana wangu wanaanika mashuka waliyoshona, nikawa najiuliza ningeweza hata nusu saa.

Halafu Bwana Filimbi akatoka ofisini. Sauti imemkauka. Akapiga makofi mawili kuwaita askari wake, kwa-kwa. Na mikono yako, Baba, ikasimama.

Wewe ulipoacha, sitini wakaacha. Askari wakawavamia. Wewe ulipigwa kumi na mbili mbele ya wote, ukatupwa ndani ya lori, ukafunikwa turubai, ukapelekwa Kigoma kwenye treni, na kutoka hapo shule nyingine mbali kabisa, na kutoka hapo mkonge, na Mama, na sisi. Hukurudi Murungu tena. Lori lilipoondoka hapakusikika hata kofi moja la kukuaga.

Mama asikasirikiwe, lakini aliwahi kuniambia. Ule mwaka uliougua malaria ukaweweseka, ulirudia neno moja mpaka asubuhi: "Mimi ndiye niliyeacha." Sisi tulidhani unazungumzia sigara.

Sasa sikiliza usilolijua.

Hawakukupigia makofi kwa sababu mikono yao haikuwa huru. Mara tu ulipotupwa kwenye lori, wote walipangwa kando ya njia, kila mmoja jiwe kichwani, mikono miwili juu imeshika jiwe. Lori lilipita katikati yao. Wewe uko chini ya turubai, unasikia kimya. Wao wamekusindikiza kwa macho tu, wengine machozi yanawatoka na hawana mkono wa kujifutia. Mzee Stanislasi alikuwa wa nne kutoka getini. Ameniambia nikuandikie hilo kwanza kabla ya jingine lolote, na mimi nimechelewa kidogo, anisamehe.

La pili ni hili. Usiku ule hakuna aliyesema umewasaliti. Walisema, "Ameitikia." Walisema Bitaliho ni mtoto wa watu, amelelewa, hawezi kuacha salamu njiani. Kama ameacha, basi imeitikiwa. Yale makofi mawili ya kuwaita askari waliyahesabu kuwa jibu. Asubuhi iliyofuata, bila kupanga kitu, wakakunja magoti wakaanza tena kwa viganja vile vile vilivyovimba. Mahali pako kwenye mstari walipaacha wazi. Bwana Filimbi akatoka, filimbi iko mdomoni. Akautazama ule upenyo. Akakaa hivyo muda mrefu. Hakuipuliza.

"Akapiga mawili," Mzee alisema. "Kama mtu anaua mbu, sha! Hata hakututazama. Lakini alipiga."

Na kesho yake akapiga, na kesho kutwa. Sitakudanganya kwamba fimbo iliisha. Haikuisha, na mawe waliyabeba mpaka mtu yule alipohamishwa. Ila mwezi haukuisha mlango wa ghala ukang'olewa, ukafanywa meza ya jikoni. Mzee anasema mtu uliyeitikia salamu yake asubuhi ni kazi kumfungia gizani mchana. Shule ikaja ikafungwa, majengo yakawa hivi na vile, yakawa chuo, na salamu ya uwanjani haikukatika. Wanafunzi wangu hawajui ilikotoka. Wanaona ni utaratibu tu. Kwa hiyo ile asubuhi nilipopunga mikono kama mgombea ubunge, nilikuwa naamkiwa kwa salamu ya baba yangu, na sikujua kuitikia.

Nilimuuliza Mzee swali moja la kijeuri. Unanijua. Nilimwambia, je, Baba aliacha kwa adabu, au aliacha kwa kuchoka?

Akacheka kwa muda. "Hilo aje alijibu mwenyewe," akasema. "Mimi nilikuwa kushoto kwake. Viganja vyake vilikuwa vimekwisha. Kama alichoka, basi alichoka saa ile ile mwingine aliitikia. Sisi tulikuwa watoto, tukachukua lile lililo jema, na likatusaidia. Amwachie Mungu yaliyobaki."

Mimi simwachii Mungu peke yake, Baba, nasema na mimi. Najivunia wewe. Sijawahi kukuambia kwa sababu nyumbani kwetu maneno hayo hayana mahali pa kukaa, kila kiti kina mtu anayekohoa au anayebisha. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyewaambia watu waliochapwa kwamba dawa ni kumwamkia anayewachapa, na wakamfuata! Ningetaka kuwa mwanao hata kama hungetulisha.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Murungu kumwona Shangazi Adela. Nilichukua bodaboda kutoka Kibondo mjini, nikafika nimekuwa mwekundu kwa vumbi kichwa hadi kidole. Anakaa pale pale, macho yameanza kumwacha lakini ulimi uko salama. Aliniambia nina paji lako na bahati mbaya nina miguu yako pia. Safari hii nilijua la kufanya: nilikunja goti mlangoni nikapiga makofi, naye akaitikia kwa vile viganja vyake vikavu, taratibu, na hakuacha haraka, nadhani alikuwa anaitikia salamu za watu wawili. Hakuuliza habari ya shule wala ya moto. Alinishika mkono akanitoa nje, akanielekeza kidole. "Mwambie kaka yangu kile kilima alichokiunguza kimeota. Miti mirefu. Wamepanda na mizinga ya nyuki. Asiogope kukiona." Kisha akanipa chupa ya asali, ndiyo hiyo aliyokuletea dereva wa basi pamoja na barua hii. Elia asiionje kabla yako.

Nilipomwambia Mzee Stanislasi kwamba naandika, alivua funguo shingoni akaziweka juu ya benchi. Akageukia upande wa mashariki, kule ambako treni ilikupeleka, akakunja magoti yake ya uzee na kuanza: kwa, kwa, kwa. Sikujua nitazame wapi. Mwishoni nikamwambia, "Mzee, utachoka."

"Tulipiga mpaka jua la utosi," akajibu, "na leo sina askari mgongoni. Mwandikie kwamba ninamwamkia. Kila asubuhi nikifungua geti nitapiga, na sitaacha mpaka aitikie. Hapa hapa, aje anijibu nimwone."

Na anafanya kweli. Leo ni siku ya tisa. Wanafunzi wanadhani anafukuza baridi.

Njoo, Baba. Maharage yanavunwa mwezi wa sita, njia zitakuwa kavu. Usiniambie goti, treni ina viti, na Elia atakushika mkono mpaka Kigoma, mimi nitakupokea hapo. Utalala kwangu, kisha tutakwenda wote Murungu ukaione miti. Ukikataa nitamleta Mzee Stanislasi huko Korogwe na koti lake, na majirani wataniuliza huyu anayepiga makofi mlangoni alfajiri ni nani.

Nisalimie Elia na mkewe, na yule mtoto wao anayekataa kuvaa viatu. Nisalimie bibi jirani anayetuazima kinu, na mchungaji, mwambie kwaya ya huku inaimba vizuri kuliko yetu, nimesema hivyo makusudi. Mama, asante kwa yote uliyoyajua ukayanyamazia.

Na Mama, ukifika hapa pa mwisho, usimtazame usoni. Mtazame mikono, kisha unipigie uniambie.

Ni mimi mwanao anayengoja,
Tabitha